Soli

Viatu nilivitoa stoo ya juu,
ndani ya boksi la feni, chini ya majamvi ya matanga.
Miaka mitatu na miezi. Bado vya zambarau,
kamba zimekakamaa kama tambi kavu.
Nikavipigapiga ukutani, pengine mna nge.
Ukatoka mchanga tu,
mchanga wa matembezi ya zamani.

Saa kumi na moja kasorobo, Ibra haijaamka vizuri.
Joto limeniwahi, limekaa mlangoni
kama mdai.
Nimeapa: mpaka kituo cha mafuta na kurudi.
Zamani nilikuwa nakwenda mara mbili,
mimi na Zamzam bint Humudi,
tukimsema mtu tangu mwanzo hadi mwisho
bila pumzi kukatika.

Leo, kufika transfoma ya kwanza tu,
moyo umepanda shingoni.
Goti la kulia linasema,
la kushoto linaitikia.

Wiki iliyopita daktari, kijana, mpole,
aliniuliza huku anaitazama kompyuta:
"Mazoezi?"
Nikasema, "Sifanyi."
Nikasikia kitufe kikibonyea. Hafanyi.

Sikumtajia Bi Shinuna,
mama mkwe wangu, kilo arubaini na sita,
niliyekuwa namgeuza kila baada ya saa mbili,
ubavu huu, ubavu ule, asije akafanya vidonda.
Mkono chini ya bega, mkono chini ya paja,
bismillahi,
naye kafumba macho, ananiambia:
"Taratibu, mwanangu. Mimi si gunia la ndimu kavu."
Kitandani mpaka chooni, hatua thelathini na moja.
Kurudi, arubaini,
maana kurudi lazima asimame kwenye kabati
aulize leo siku gani.

Nani alizihesabu hizo?
Saa ya mkononi aliyoniletea Mundhiri kutoka Maskati,
eti inahesabu kila hatua,
ililala kwenye droo, betri imekufa.

Kwenye mzunguko wa barabara,
pale penye sanamu la birika la kahawa,
nikasikia mtu nyuma yangu anapiga makofi.
Pa. Pa.
Nikageuka. Hakuna mtu.
Nikapiga hatua. Pa.
Soli!
Gundi imeyeyuka kwa jua la miaka mitatu juu ya dari,
mguu wa kushoto umeachama,
ulimi nje kama mbuzi aliyekimbizwa.
Hatua kumi mbele, wa kulia nao
ukaona vibaya kumwacha mwenzake.

Nikacheka peke yangu, mwanamke mzima,
nimeshika buibui kwa mkono mmoja na birika limenitazama.
Pikapu ya majani ya mbuzi ikapunguza mwendo.
Kijana akauliza, "Mama, nikufikishe?"
"Ahsante," nikamwambia, "nafanya mazoezi."
Neno likanitoka na kutu.

Kituo cha mafuta sikukifika, nisiseme uongo.
Nilizing'oa soli zote mbili, nikazitia kwapani
kama mikate ya asubuhi,
nikarudi na vitambaa miguuni,
kila kijiwe kinanijulisha jina lake na la baba yake.

Nyumbani hakuna aliyeamka.
Chumba chake mlango uko wazi, kitanda kimekunjwa godoro.
Sijui kilichonituma.
Nikasimama pale alipokuwa akiweka miguu,
nikatembea mpaka chooni.
Tisa.
Nikarudi. Tisa.
Jasho linanidondoka kwenye sakafu niliyoipiga deki jana.
Nikaenda tena, safari hii kwa hatua zake,
kisigino kikigusa kidole,
mkono ukipapasa ukuta,
na kwenye kabati nikasimama.

Leo Jumatatu.
Keshokutwa soko la wanawake.
Namba arubaini. Vya zambarau wakiwa navyo;
wasipokuwa navyo, vyovyote,
ila gundi nitaivuta kwanza kwa mikono yangu
mbele ya muuzaji, anune akitaka.